Vidole Vitatu Ukutani

Mwimbi, Jumamosi, tarehe 8 Novemba.
Asubuhi mawingu mazito upande wa ziwa, upepo wa baridi, mvua haijashuka.

Mama,

Nimeharibu ukuta wako. Nalisema hili mwanzoni, la sivyo nitazungukazunguka mpaka nishindwe.

Ni ule wa mbele, uliousiliba kwa udongo Julai tulipomaliza kuvuna ulezi. Kila mwaka ulipaka udongo mpya juu ya ule wa mwaka uliotangulia, ukavuta vidole vitatu kwenye tope bichi, upinde kwa upinde, kutoka dirishani mpaka mlangoni. Nilikuwa nimezoea. Niliona ni pambo tu. Tangu tukuzike Septemba ndipo nimeanza kuutazama.

Nimeutazama kwa rula, unanijua. Nilikaa mbele yake na daftari nikapima. Karibu na dirisha pinde zako ni ndefu, mkono wote umenyooka. Hapo ilikuwa asubuhi. Katikati zimefupika. Kuna mahali vidole vimezama, ulijishikiza ukutani upumue. Karibu na mlango hakuna kitu juu ya kiuno changu, zote ziko chini, kwa sababu ulikuwa umeketi kwenye kigoda. Kazi yako ya siku nzima ilikuwa pale, ugonjwa wako ulikuwa pale, na mimi nilikuwepo. Nilikuwa napiga pasi sare ya kazini ili niwahi basi la Sumbawanga. Nimefungua shajara yangu ya siku ile. Nimeandika: "Mama amesiliba ukuta wa mbele. Umependeza."

Basi. Hakuna kingine.

Miaka yote mvua ilizilamba pinde zako, ikifika Machi zimebaki kivuli, wala hukujali. Mwaka huu sikutaka mvua iziguse. Jumapili iliyopita, baada ya misa ya marehemu, nilifunga turubai la nailoni kuanzia kwenye boriti mpaka chini, nikakandamiza kwa mawe, nikarudi mjini kazini nikiwa na amani. Jua likapiga nailoni wiki nzima. Ukuta ukatoka jasho ndani kwa ndani. Jana jioni nilipofungua, udongo ulikuwa umebabuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Vipande vikubwa vilikuwa chini, alama za vidole vyako zikitazama juu. Nilijaribu kurudishia kimoja. Kikavunjika mkononi. Nikajaribu kingine.

Asubuhi jirani yetu Mama Sabina alikuja na ndoo ya udongo bila kuitwa. Mdomo wake unaujua. Aliuliza ni nani aliyeivalisha nyumba koti la mvua. Sikucheka. Akasema hata udongo uliobaki umeshaachia, lazima ukwanguliwe, vinginevyo maji yataingia kwenye miti ya ndani na ukuta utalala. Nikamwomba aniachie japo pale karibu na mlango. Akapagonga kwa kidole, pakalia wazi kama debe tupu.

"Mama yako alikuwa anaufuta mwenyewe kila mwaka, mwanangu," akasema. "Uliwahi kuulilia?"

Nikaenda kuchota maji.

Kwa hiyo tumekwangua, Mama. Ulinifundisha kwamba ukuta uloweshwe kwanza. Nilipomwagia maji pale mlangoni, udongo ulikolea rangi, alama zako zikajitokeza zote, hata mikunjo ya ngozi ya vidole niliiona. Ilikuwa kwa muda mfupi tu. Niliweka vidole vyangu ndani ya vyako. Vyangu ni vyembamba, vilielea mle ndani. Halafu Mama Sabina akanipa jembe lililokatika mpini.

Yeye amekanda, mimi nimesiliba. Pinde zangu hazifanani na zako. Za kwanza nimezivuta kwa mpango, zimepishana sawasawa. Kufika katikati bega lilikuwa linawaka, mpango ukaniponyoka. Karibu na mlango mkono ulikataa kabisa kupanda, nikapiga magoti. Nina miaka thelathini na moja na siumwi popote. Wewe uliwezaje? Uliwezaje, na mimi nikapita hapo hapo na begi langu nikakuambia inatosha, pumzika, kana kwamba kusema ni kusaidia.

Vipimo vyako ninavyo kwenye daftari, kurasa nne. Ni namba. Hazinionyeshi mahali ulipoumia.

Sijui nikuahidi nini ambacho kitakufaa sasa. Nitachukua likizo kila Julai nije nisilibe, sitafunika kitu tena. Na mtu akifanya kazi mbele yangu nitautazama mkono wake kwanza, kabla sijasema kazi imependeza. Ni kidogo. Kimechelewa. Ndicho nilicho nacho.

Samahani kwa mwandiko. Herufi zinapanda na kushuka, kalamu siwezi kuikaza vidoleni.

Matone yameanza kugonga bati na udongo niliousiliba bado mbichi. Siwezi kufanya lolote. Mama Sabina, alipokuwa ananawa mikono, alisema kesho tukitoka misani tutaangalia kilichobaki na tutaanzia hapo.

Kwaheri, Mama. Uipumzishe hiyo mikono.

Binti yako,
Vero

Saa mbili na dakika kumi usiku. Sijawahi kulala mapema hivi tangu uondoke. Nalala.