Kandambili Juu ya Tawi

Kaka yangu mpendwa,

Kabla hata sijakujulia hali, acha niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Siku ile uliporudi na begi lako, baada ya kuachishwa kazi ya kuongoza wageni hifadhini, nilikuonea aibu. Nilijifanya nasoma ili nisikupokee mlangoni. Sasa nimelisema, naweza kukusalimu. U hali gani huko? Kikohozi kimekuacha? Sisi ni wazima. Mama anakukumbuka kila siku, na baba bado anabishana na redio.

Ijumaa chama chetu cha matembezi cha shule kilikwenda kupiga kambi kwenye msitu ule ule wako. Tulitembea saa nne, mizigo mgongoni, mpaka chini ya maporomoko. Ni kama ulivyonisimulia: hakuna choo wala bomba, maji unachota mtoni ukachemsha, shimo unajichimbia mwenyewe. Na kelele za maji ni kubwa kiasi kwamba mtu akikuambia jambo, unaitikia tu kwa adabu.

Mwalimu wa michezo, tunayemwita Filimbi, aliamuru mahema yote yasimamishwe kwenye mchanga wa ukingoni, kwa kuwa ni tambarare na laini. Nikaujua mara moja. Ndio mchanga ule ule ambao wewe uliwakataza wageni wako kulala, wakaenda kukushtaki, na kwa kuwa usiku ule mto haukupanda hata kidole, ukafukuzwa kwa ubishi. Wakati ule uliniambia nikifika mtoni nisitazame maji, nitazame miti. Nikainua macho. Kwenye tawi, juu kabisa ya kichwa changu, nyasi kavu zilikuwa zimejisokota, na katikati yake kandambili moja ya bluu, mkanda umekatika. Mto ndio ulioiacha pale.

Unanijua, mimi kusimama mbele ya watu huwa nasahau hata jina langu. Lakini nilimfuata Filimbi nikamwonyesha. Akasema labda ilipaa yenyewe, na kwamba Profesa, ndivyo wanavyoniita darasani, amesoma mpaka ameanza kuogopa viatu. Wenzangu wakavunjika mbavu. Nikabeba hema langu peke yangu mpaka juu kwenye mizizi, ambako mawe yalinichoma mgongo usiku kucha. Lakini kabla jua halijazama nilipanda ule mti, nikateremsha kamba ya hema kutoka kwenye kandambili mpaka mchangani, nikapiga fundo usawa wa kandambili.

Asubuhi mchanga ulikuwa mkavu kabisa. Sikuficha hilo na sitalificha. Wenzangu waliamka wamelala vizuri kuliko mimi, wakaniuliza kama gharika imekosa usafiri.

Jumatatu Filimbi akanipeleka kwa mwalimu mkuu. Nikapewa karatasi niandike kwamba nilikosea na naomba radhi kwa kukaidi amri. Nisipoandika, natolewa kwenye chama na nakaa nyumbani wiki nzima. Mwalimu mkuu aliniuliza, tena kwa upole, nabishania nini ilhali mto haukupanda. Nikamjibu kwamba haukupanda usiku ule tu. Nikatoa kamba kwenye mkoba, nikamwomba Filimbi akanyage ncha moja, nikasimama juu ya kiti na kuivuta mpaka kwenye fundo. Lilipita kofia yake kwa shibiri mbili. Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu akasema amri ni amri, akanisogezea kalamu.

Kuna jingine, kaka. Ile picha yako ya sare, uliyoitafuta mpaka ukadhani mama ameitupa, niliitoa ukutani mimi, ili wageni wa baba wasiulize. Imekaa ndani ya kamusi yangu miaka miwili. Hilo ni kosa na ninakuomba radhi kwa mkono wangu. La mchangani si kosa, hata mto usipopanda miaka kumi.

Kalamu niliirudisha mezani. Nilifika nyumbani na barua ya wiki moja, nikampa baba. Aliisoma, akasema huyu sasa ni wa pili. Nikachukua nyundo, nikapigilia msumari sebuleni, nikaitundika picha yako mahali pake. Baba akapunguza sauti ya redio, akaniambia imeinama kushoto. Nikainyoosha.

Nisalimie wote unaokaa nao, na unywe dawa mpaka ziishe.

Mdogo wako,
Profesa