Aliyeitika Nyuma ya Zizi

Jumatano, usiku

Mwanaidi amenithibitishia leo, chumbani kwake katika mtaa wa Najma, huku ughaibuni: mumewe, Saidi, harudi tena mjini. Saidi alikuwa askari jeshi Tanzania. Sasa analinda zizi la ngamia jangwani, karibu na mpaka, na anasema huko ndiko kwake.

Kila magharibi huita majina ya familia yake kama kwenye gwaride. Ijumaa Mwanaidi alikuwepo. Lilipofika la Rehema, binti yao waliyemzika Tanga, sauti ikaitika nyuma ya zizi: "Nipo, afande!"

Nilimuuliza mara mbili.

"Wewe mwandishi, sauti ya mwanangu niisahau?"

Nikampigia Saidi: rudi kwa mkeo.

"Nikiondoka, huyu ataitwa na nani?"

Keshokutwa magharibi nitakuwa pale. Saidi ameshaniongeza kwenye orodha ya majina ya kuitwa, chini ya Rehema.