Zoezi Linaishia Ng'ambo

Papa,

Kesho ni mtihani wa fizikia, ule wa kumaliza sekondari, na ninaogopa. Maswali siyaogopi. Ninaogopa maji. Tangu tulipokuzika sijavuka mto. Nimebaki hapa Lubunga na daftari langu, na mwalimu ananitumia mazoezi kwa mkono wa rafiki yangu Béa, anayevuka kila siku kana kwamba mto ni barabara.

Tonton Mosala, mdogo wako, ndiye anayepiga kasia sasa. Atanivusha alfajiri hadi Makiso, ng'ambo kwenye shule. Ameniambia, "Usiogope, mimi niko." Wewe pia ulikuwepo, Papa.

Kuna jambo nimemwambia Mama peke yake. Unakumbuka ulivyozoea kuvuka: unapanda kwanza kando ya mto, polepole, kwenye maji yaliyotulia, mpaka juu kabisa, ndipo unakata kwenda ng'ambo. Mimi nilikuwa nakereka. Asubuhi ile ya mwisho nilikuwa na jaribio darasani, nimechelewa, nikakufungulia daftari palepale kwenye mtumbwi. Nikakuonyesha mishale: huu wa kasia, huu wa mkondo. Nikasema ukielekeza pua ya mtumbwi ng'ambo moja kwa moja, muda unakuwa mfupi kuliko njia zote. Mkondo unakusukuma chini tu, haukucheleweshi. Ukacheka.

"Bon, professeur amesema. Leo tufanye ya kitabu."

Na hesabu ilikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniumiza. Tulifika haraka, lakini chini sana ya bandari, karibu na mashua za chuma za mizigo. Niliruka nikakimbia, sikugeuka hata kukuaga. Zoezi linaishia pale mtumbwi unapogusa ng'ambo. Hakuna anayeuliza mpiga kasia atarudije. Ukabaki huko chini na mikono iliyochoka, ukipanda dhidi ya mkondo, pale maji yanapovutwa chini ya vyuma, nayo yakakuvuta. Jaribio nilipata alama zote. Karatasi waliniletea matangani, Papa, mbele ya watu.

Mama anasema, "Papa yako hakukufa juu ya cahier," yaani daftari langu silo lililokuua. Nataka kumwamini. Lakini nikichora mshale wa nguvu yoyote, mstari unakuwa kama umechorwa na mlevi. Ungenicheka. Siku hizi napenda maswali ya uga wa umeme, ile chaji ndogo kati ya mabamba mawili. Inasukumwa, inafika, basi. Haina nyumbani pa kurudi.

Juzi swali la mtumbwi lilikuja tena, namba nyingine. Nilikaa nalo asubuhi nzima. Nilipomaliza nikaandika chini yake, kwa penseli, swali langu mwenyewe: na kurudi? Nikapiga hesabu ya kupanda tena mpaka ulipoanzia, halafu kuvuka. Kurudi kulichukua mara tatu ya kwenda. Wewe ulilijua hilo bila daftari, na bado ukafuata hesabu yangu, kwa sababu ulijivunia kuwa na mtoto anayejua mishale. Nashindwa kulisamehe hilo, na sijui ni nani nisiyemsamehe.

Kesho tutaondoka mapema sana. Nimemwambia Tonton tupande kwanza, mpaka juu kabisa, kama ulivyokuwa unafanya, na daftari litabaki ndani ya mfuko. Nitaogopa njia nzima. Pengine nitalia, pengine nitashika ubavu wa mtumbwi mpaka vidole vife ganzi. Béa ameahidi kukaa karibu yangu.

Lala salama, Papa. Nisamehe haraka yangu. Nakuahidi jambo moja tu: nikishuka ng'ambo, safari hii nitageuka. Nitasimama palepale ukingoni mpaka nimwone Tonton anafunga kamba upande wetu. Kengele ya mtihani ikilia, na ilie.

Mimi mwanao,
professeur wako