Hotuba ya Simba Katika Bahasha Nne za Dawa

Mama Pacha mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya duka la dawa ninapofanya kazi, ni saa ya chakula, naomba unisaidie maana nimefanya jambo ambalo dada zangu wakilisikia watanicheka mpaka watoto wao waolewe.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa mwaka na miezi minane, asiyelala mchana wala asiyetaka wengine walale, na mume wangu ni fundi wa lifti, hizi za maghorofa, watu wakikwama humo ndani yeye ndiye anayepigiwa. Ni mtu mwema, hanywi, hapigi kelele, na hilo la kutopiga kelele ndilo lililoniponza, kwa sababu tangu nina miaka kumi na mitano nina CD ya filamu moja ya mapenzi ya wanafunzi, bila shaka unaijua, kila mwanamke wa rika letu anaijua, ile ya msichana mrefu mpiga tarumbeta na kijana anayetengeneza baiskeli, aliyemwahidi kuja kwenye sherehe ya kumaliza shule, hakuja, halafu akatokea watu wakiwa wanapanga viti na nusu ya taa zimeshazimwa. CD yangu ni ile iliyotafsiriwa, yaani mtafsiri anazungumza juu ya sauti zao, na hapo penye viti yule mtafsiri anayamwaga maneno, Mama Pacha, karibu dakika mbili nzima: "Mpenzi, mimi ni simba niliyesahau kunguruma tangu nilipokuona, wewe ni mto uliolikataa bonde, na mbingu zikininyima mvua nitakunywa jina lako." Nimeitazama nikisomea mtihani, nimeitazama nikiwa mjamzito, naitazama sasa nikikunja nepi, na kila nikifika hapo nalia kama mtu asiyejua mwisho wake.

Basi kwa miaka mitano ya ndoa nimekuwa nikimwambia mume wangu kwamba kuna wanaume wanaojua kusema. Akinitengenezea pasi namwambia asante, lakini yule kijana wa baiskeli angeitengeneza na neno moja tamu juu yake. Anajibu "sawa." Hiyo sawa yake inafaa kumjibu mtu anayeuliza kama ghorofa ya tatu kuna umeme.

Mwezi uliopita tulitimiza hiyo miaka mitano, akaniambia atanipitia kazini saa sita tukale nje, sisi wawili tu, mtoto abaki kwa mama mkwe. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, saa nane kasorobo ndipo akaingia, amevaa ovaroli, grisi mpaka kwenye sikio, kumbe kulikuwa na watu watatu wamekwama kwenye lifti, na wakati huo foleni dukani ilikuwa ndefu, mimi nahesabu vidonge kwenye sinia, bosi wangu yuko kando yangu, naye akasimama mbele ya watu wote, akavua kofia yake ya kazi, akaiweka kifuani, akasema, "Nimechelewa. Lakini nimekuja."

Nikajua papo hapo anachofanya. Alikuwa anaigiza pale penye viti. Nikakiweka chini kijiko cha kuhesabia, nikamsubiri simba. Simba hakuja. Nikamwuliza, "Halafu?" Akasema, "Hayo tu." Na mimi, sijui ni njaa au ni ile foleni kunikodolea macho, nikamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni kwamba hata kuiga kumemshinda, arudi akajifunze maneno ndipo aje. Watu walicheka. Mzee mmoja aliyefuata dawa ya kikohozi alicheka mpaka kikohozi chenyewe kikampata. Mume wangu akavaa kofia yake, akatoka.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Jioni ile niliiandika hotuba yote ya simba nyuma ya bahasha za dawa, zikaenda bahasha nne, nikazipa namba na kuzitia kwenye mfuko wake wa vifaa ili ajaribu tena. Kesho yake nilizikuta juu ya kabati kando ya chupa ya mtoto, zimepangwa kwa namba zake, moja mpaka nne, bila neno.

Jumapili iliyopita mdogo wangu akaja na filamu ile ile kwenye simu, halisi, haina mtafsiri, maandishi yanapita chini. Tukafika penye viti. Yule kijana akasema amechelewa lakini amekuja, kisha akanyamaza. Msichana akamtazama, akashika upande mmoja wa meza, akamwonyesha upande wa pili, wakaibeba wote wawili, ikawa mwisho. Nikamwambia mdogo wangu arudishe nyuma, akarudisha mara tatu, na mara zote tatu hakuna simba. Mume wangu alikuwa jikoni anaosha chupa, akasema bila kugeuka, "Mimi niliitazama mara nne nikimtafuta. Nikadhani simu yangu ndiyo mbovu."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyoniambia tangu siku ile ya foleni. Mengine ni kuuliza kama mtoto amekula. Sasa amepata kazi mji mwingine, ya mwaka mzima, anaondoka mwisho wa mwezi, na habari hizo nimezipata kwa mama mkwe. Hajatuambia mimi na mtoto tubaki wala twende. Mimi nataka kwenda, wagonjwa wako kila mahali. Ila sijui kama nimsubiri aseme yeye, maana hata kwenye filamu msichana hatangulii kusema. Nifanyeje?

Ni mimi, muuza dawa asiyejua dawa yake.

MAMA PACHA ANAJIBU

Muuza dawa,

Nimeisoma barua yako pacha mmoja akiwa mgongoni na mwingine akitafuna kona ya karatasi, kwa hiyo kama kuna jambo uliliandika pale pembeni mwishoni, limeshaliwa. Yaliyobaki yanatosha.

Pole kwanza. Mtoto asiyelala ni kazi ya watu wanne, na mtu aliyechoka hupenda kitu kisichomwomba chochote. Ndiyo maana filamu ile haizeeki na sisi tunazeeka. Mle ndani hakuna anayefua. Hakuna mwenye mtoto mwenye homa. Kijana anatengeneza baiskeli dakika tisini na shati lake halishiki hata tone la mafuta. Halafu inakatika meza ikiwa bado mikononi, hatumjui aliyeifuta wala aliyefagia ukumbi, na kila mwanamke anaimalizia kwake apendavyo. Mimi ninayo pia, tena ya mtafsiri huyo huyo, na penye viti nami hulia. Kwa hiyo sikucheki kwa kulia. Nakucheka kwa mengine.

Mama, umempenda mtafsiri. Isikilize CD yako kwa makini: kabla tu ya simba, kuna mtu anapenga kamasi, baada ya mto, mtu huyo huyo anatangaza duka la redio na kutuelekeza ni mlango wa pili kushoto. Huyo ndiye mpenzi wako wa miaka yote hii. Ni bwana mwenye mafua, yuko chumbani na kipaza sauti na glasi ya maji, kijana wa watu amenyamaza kwenye picha, yeye akaogopa ule ukimya akaujaza wanyama. Simlaumu, alikuwa kazini. Lakini pasi yako hakuitengeneza yeye.

Na zile bahasha. Ulimwandikia mumeo dozi, kutwa mara tatu baada ya chakula, kama yule mzee wa kikohozi. Mtu mzima hapewi maneno ya kumeza. Hebu fikiri alichokifanya: mwanamume wa "sawa" ameitafuta filamu ya wasichana, ameitazama mara nne kwa siri, naapa hakuna fundi mwenzake anayejua, ameyachukua maneno yote yaliyomo, ambayo ni matatu, ameyabeba na grisi yake mpaka mbele ya foleni. Kwa mtu kama huyo, hiyo ndiyo ngurumo. Simba alikuja, dada yangu. Wewe ukamwambia arudi akajifunze.

Naye asijivike utakatifu. Kumnunia mkeo mwezi mzima huku ukimwoshea chupa ni ukorofi uliovaa soksi, hausikiki lakini unatembea. Na kazi ya mwaka mke huisikia kwa mumewe, haisikii kwa mkwe. Hilo mwambie, tena mwambie wazi. Ila mwambie siku ya pili. Ya kwanza ni ya kosa lako wewe.

Unasema msichana hatangulii kusema. Sawa, lakini ni nani aliyetangulia kuishika ile meza? Leo kabla hujafunga duka mwambie bosi wako unaondoka, umwombe barua ya kukutambulisha kwa wauza dawa wa huko. Bahasha nne zipasue, usije ukamuuzia mtu vidonge ndani ya mto uliolikataa bonde. CD usiivunje, umehangaika nayo muda mrefu. Itazame ukiwa umezima sauti, ujizoeze kuishi na mwanamume aliyenyamaza.

Kisha mchukue mtoto, nenda kazini kwake. Si jikoni, si kwa kunong'ona. Ulimwaibisha mbele za watu, na kumwomba radhi nako ni mbele za watu. Ukimkuta yuko chini kwenye shimo la lifti na nyaya zake, subiri apande, wenzake wakiwa hapo hapo na spana mikononi, umwambie umechelewa lakini umekuja, wewe na mtoto, na mizigo mnafunga pamoja.

Akikuuliza "Halafu?", mwambie hayo tu.