Kufuli la Watu Wawili

Jumatatu, 3 Juni

Watu wengi hukosea wakidhani kufuli hutengenezwa kwa ajili ya mwizi. Mwizi huvunja sanduku, kazi imekwisha. Kufuli la Selemani lilitengenezwa kwa ajili ya wenye mali wenyewe. Lina matundu mawili, moja kila upande wa sanduku, na funguo zote mbili lazima zigeuzwe kwa wakati mmoja. Mtu peke yake, hata awe na mikono ya sokwe, hafiki.

Nimeandika hayo baada ya uji, nikayafuta, nikayaandika tena. Sura ya tatu inakataa kusimama. Selemani alitoka Maniema, akafua chuma hapa mjini enzi za Wabelgiji, akapata breveti, yaani hati inayosema kwamba uvumbuzi huu ni wa huyu na si wa mwingine. Kwa mtu mweusi wa wakati ule, jambo kubwa. Nakala ya hati ninayo. Ukurasa wa mchoro haupo. Ndani ya kufuli kuna nini, sijui. Nitaandikaje kitabu juu ya fundi ambaye sijui alitengeneza nini?

Kufuli lake jingine, la Sakania, liliuzwa zamani kwa wachuuzi wa vyuma chakavu. Limebaki moja tu, mtaani Kamalondo, kwenye sanduku ambamo chama cha maziko cha Waislamu wa mtaa huweka sanda.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwa Mama Zaituni, mjukuu wa Selemani. Ufunguo mmoja unakaa kwake. Wa pili unakaa kwa rafiki yangu Ramazani, mwalimu mstaafu kama mimi, yeye wa hesabu, mimi wa historia. Nimeomba sanduku lifunguliwe kidogo tu, nichore. Zaituni alikuwa anachambua maharage. Hakuacha.

"Mwalimu, ile sanduku inafunguliwaka muntu akikufa. Weye unangojaka nani?"

Wanawake wa uani wakacheka. Nami nikacheka. Njiani kurudi nyumbani Katuba sikucheka. Alisema kweli. Nangoja.

Alhamisi, 6 Juni

Ramazani redioni, kipindi kizima juu ya Selemani. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba Selemani ni historia. Yeye alikuwa anaona sanduku tu, la watoto kukalia. Sasa anasema "Selemani wetu". Ametumia hata mfano wangu wa sokwe, niliompa mwenyewe tukinywa chai.

Halafu akasema amewahi kuliona likiwa wazi. Zaidi ya mara moja. Kwamba ana ufunguo nilijua; kwamba ameugeuza mwenyewe, miaka yote ya chai hakuniambia.

Nina wivu. Nimeliandika neno ili nilione. Wivu. Si hasira ya mtu aliyedhulumiwa, maana hakunidhulumu. Amezaliwa upande wa ndani wa sanduku, basi.

Bukari, ugali wa hapa, umepoa mbele yangu. Mke wangu Anjelika akaja, akazima redio.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa nimekwenda kwa Ramazani. Mkewe Sakina akaleta chai, anakohoa. Nikamwuliza Ramazani ndani ya kufuli kuna makomeo mangapi, springi imekaa wapi. Akasema hajui. Sanduku likifunguka, alisema, macho yanakwenda kwenye kitambaa, kwa sababu unajua ni cha nani.

Sikumsadiki. Mtu wa hesabu, asihesabu vyuma? Nikamwambia anaiweka siri kwa ajili ya redio. Sakina ndiye aliyejibu.

"Ninyi babili muko sawa bibi za bwana moja. Na bwana mwenyewe alishakufaka."

Ramazani alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikumaliza chai.

Alhamisi, 13 Juni

Baridi kali. Habari imekuja kwa simu: Sakina amelazwa, mapafu.

Nimechonga penseli.

Nataka kuliandika lilivyotokea, bila kulipamba. Anjelika alikuwa bado ananieleza hali ya mgonjwa, na mimi nimeshika kisu na penseli. Nilijitambua nilipoona maganda juu ya goti langu. Nikaitupa. Kisha nikaiokota.

Tulikwenda hospitali jioni. Ramazani alinishika mkono muda mrefu. Alinishukuru kwa kuja.

Jumamosi, 15 Juni

Sakina amefariki alfajiri.

Chama kina desturi ambayo sikuwa naijua. Nyumba yenye msiba haigeuzi ufunguo wake. Hupewa mtu asiye wa damu, ili mfiwa asiwe ndiye anayemfungulia mtu wake. Ua wa Ramazani ulikuwa umejaa wanaume kulizunguka sanduku. Ramazani akanitafuta kwa macho, akaniita mbele ya wote.

"Shika, Mwalimu. Weye njo utamufungulia Sakina."

Ufunguo ulikuwa na joto la kiganja chake. Zaituni alisimama upande wa pili na wake. Akaniashiria kwa kichwa, tukageuza pamoja. Kifuniko kikapanda, harufu ya kafuri ikatoka.

Nikaangalia vyuma.

Makomeo matatu, bapa, yamelaliana. Kila ufunguo huvuta komeo lake hadi nusu. Mwenzake asipovuta, springi hulirudisha. Yakifika nusu yote mawili, la katikati linaachwa huru. Springi imekatwa kutoka kwenye msumeno, meno yamesuguliwa lakini alama zake zipo. Rahisi kabisa. Zuri kabisa. Niliona kila kitu.

Nilipoinua macho sanda ilikwisha kwenda ndani kwa wanawake. Zaituni alikuwa bado upande wake wa sanduku, ananitazama. Safari hii hakunitania.

Jumanne, 18 Juni

Mchoro umekamilika. Ni safi, hata meno ya msumeno yanaonekana. Hakuna mtu mwingine mjini mwenye mchoro huu. Sura ya tatu imesimama.

Anjelika ameniuliza kama Ramazani alilia wakati sanduku linafunguliwa. Alikuwa amesimama begani kwangu, au labda alikuwa amekaa. Sikumbuki sanda ilibebwa na nani. Namkumbuka Sakina akikohoa na sinia mkononi, lakini hiyo ni ya Jumapili. Ya Jumamosi sina.

Basi Ramazani alisema kweli. Mara zote zile alizosimama mbele ya sanduku wazi, hakuona springi. Bado namwonea wivu. Sasa ni kwa hilo.

Matanga yamekwisha, wageni wa msiba kutoka Kasomeno wamepanda gari asubuhi. Atakuwa peke yake.

Leo nenda Kamalondo, Mwalimu, ukae na Ramazani, karatasi uziache nyumbani.