Asteria Mayala, Mama wa “Imepigwa Wapi?”

Mwaka umetimia, Mama, tangu uzime kompyuta yako na kusema unajilaza kidogo. Hukuamka. Tulilia mpaka machozi yakakauka, na sasa tunaweza kukutaja huku tunacheka, maana ukitajwa wewe lazima mtu acheke.

Ulizaliwa Kishapu, ukafundisha jiografia Shinyanga, kisha ukaiacha chaki na kujifungia katika chumba cha uani hapa Kalangalala, Geita. Kazi yako ilikuwa kutazama video na picha ambazo watu huweka mitandaoni wakati wa vita. Ulizilinganisha na picha za setilaiti, na vivuli, na vilima, mpaka ijulikane nini kilitendeka na wapi, ili waliotenda wafikishwe mahakamani. Vijana wa bodaboda pale kona walidhani unanunua dhahabu kwa simu. Uliwaacha wadhani hivyo, nao wakakuheshimu.

Sisi wa humu ndani hatukupata nafuu. Kila picha iliyoingia kwenye kundi la ukoo uliidaka: “Imepigwa wapi, lini, na nani?” Mjomba Jilala alileta picha ya sangara mkubwa kama ndama, ukamwuliza. Akanuna, akajitoa kundini, akarudi ulipofika wakati wa michango ya harusi ya mwanawe.

Ila leo tunataka hasa kusema habari ya jirani yetu Ghati, Mama Benjamini. Mumewe, Edward, alikuwa akipeleka dagaa nchi jirani, akauawa askari walipovamia soko. Jeshi la huko likakana. Eti siku hiyo hapakuwa na soko, walipambana na waasi tu. Mama Benjamini akakuletea video aliyotumiwa, vibanda vinawaka, watu wanakimbia.

“Haya, ushahidi ndio huo,” akasema. “Upeleke.”

Uliitazama siku kadhaa, kisha ukamwambia ukweli. Ilikuwa ya zamani, ya vita vingine, na soko lingine kabisa.

“Kwa hiyo mume wangu hakufa?”

“Amekufa, mdogo wangu. Ila si hapa. Tukipeleka uongo hata mmoja, watautumia kuukataa ukweli wote.”

Aliondoka bila kuaga. Mkikutana bombani akawa anabeba ndoo yake na kusubiri kando mpaka umalize. Uliumia, Mama, tulikuona. Hata matobolwa, vile viazi vya kukausha ulivyotafuna kutwa mbele ya kompyuta, vilikaa tu bakulini. Baba akakusihi uachane na jambo lile, usije ukagombana na mtaa mzima.

“Baba Noela,” ukamjibu, “mtu kafa, halafu aambiwe hakuwepo?”

Ukaendelea kutafuta. Mwisho ukaipata video fupi ya kijana muuza mitumba aliyekuwa akijitangazia biashara asubuhi ile ile. Nyuma yake kuna mnara wa simu, kilima chenye vichwa viwili, na lori la askari limeegeshwa. Kivuli cha mnara na picha ya setilaiti ya siku hiyo vikakubaliana. Na pembeni kabisa alionekana mwanamume mwenye kofia nyekundu, anapima dagaa kwa kisado.

Ulimwita Mama Benjamini, akaja shingo upande. Akatazama, akaomba irudiwe.

“Ndiye,” akasema. “Hiyo kofia nilimnunulia mimi. Na nyongeza hakuwa anamnyima mtu, ona, anaongeza.”

Mkakaa wawili, mnamtazama Edward akiongeza dagaa, tena na tena, mpaka chai yenu ikapoa.

Video ile ukaipeleka kwa waendesha mashtaka. Kesi ilikwenda polepole, nawe ukatangulia. Basi pokea habari, maana tangazo hili tumelitoa kwa ajili yake. Mwezi uliopita mahakama ilimtia hatiani kamanda wa askari wale. Mawakili wake waliitafuta kwenye faili ile video ya uongo iliyokuwa imesambaa, waonyeshe kwamba mashahidi wametunga. Hawakuikuta, uliikataa wewe tangu mwanzo. Majaji wakaiamini ile ya muuza mitumba, na jina la Edward likasomwa mbele ya watu: alikuwepo sokoni, akiuza dagaa.

Mama Benjamini aliposikia aliingia kwetu bila hodi, akasimama mlangoni pa chumba chako. “Wabeja, Mama Noela,” akasema. Yeye Mkurya, akakushukuru kwa Kisukuma chako. Tangu siku hiyo nyumba ina raha, hatukufichi.

Hii picha yako hapo juu imetugombanisha. Baba aliapa ni ya kipaimara cha Limi hapa Geita. Limi akakisoma kivuli kama ulivyomfundisha, akautazama uzio wa minyaa nyuma yako, akasema ni Kishapu, kwa bibi, asubuhi, na aliyeipiga ni Noela. Noela akaikuta kwenye simu yake ya zamani. Baba alikubali huku ananung'unika. Umeshika bakuli la matobolwa, unacheka, na mdomo umejaa.

Unakumbukwa na mumeo Adam, wanao Noela na Limi, kaka yako Jilala (bado yumo kundini), ukoo wote wa Mayala, na Ghati, Mama Benjamini, aliyesema tangazo hili lisitoke bila jina lake.

Ulikuwepo, Mama, na mashahidi ni sisi. Siku zote tutakukumbuka.