Tone Nililomwaga Barazani kwa Mama Wani

Hai Jalaba, Juba
Jumapili, baada ya mvua

Kwako Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima nikiwa na matumaini kwamba goti lako limepata nafuu na kwamba yule ng'ombe mweusi amezaa salama. Mimi ni mzima. Malaria ilinishika mwezi uliopita, ikaniachia upesi. Kazi ya ukarani wa ghala hapa karibu na bandari ya mto ni nyingi, kwa sababu maji yamejaa na tishari za mizigo zinapita kila wiki kwenda kaskazini.

Ningeweza kupiga simu, lakini kuta zetu ni za mabati. Neno nikilisema chumbani kwangu, chumba cha tatu wamelisikia. Tena nataka ulisome jambo hili polepole, hata mara mbili, kabla ya kunijibu. Mama, nimemkosea mtu, na sijui kwetu kosa kama hili hurekebishwa vipi.

Mama Wani, mwenye nyumba wangu, unamjua kwa sifa. Ndiye aliyenipikia uji nilipougua. Wani ni kitinda mimba wake, kijana mcheshi, alikuwa akibeba shehena tisharini. Msimu wa mvua wa mwaka jana, ambao huku wanauita harif, alipanda tishari kwenda kaskazini. Tishari ilirudi bila yeye. Wenzake wengine walisema aliteremka njiani, wengine hawakusema kitu. Mwili haukuonekana. Ndugu wa marehemu mumewe walikuja mara kadhaa kumshauri Mama Wani aweke matanga. Kila mara aliwapa chai, akawasikiliza hadi mwisho, kisha akawauliza, "Matanga ya nani?" Kitanda cha Wani kimetandikwa mpaka leo.

Sasa, Wani alikuwa na kinywaji chake. Harif ikishakolea na jioni zikaanza kuwa na ubaridi, alikuwa akituchanganyia sisi wapangaji wote, tukakaa barazani tukitazama mvua. Mwaka huu hakuna aliyekitaja. Jumamosi ya wiki iliyopita Mama Wani mwenyewe aliniita. Kiswahili chake alikiokota Uganda enzi za ukimbizi, nawe utakisikia kama anavyokisema.

"Barasa, wewe iliona Wani natengeneza. Leo tengeneza wewe. Harif haiwezi kupita hivi hivi."

Nilifurahi sana, Mama. Niliona kama amenipa ufunguo wa nyumba. Nilinunua karkade, yale maua mekundu makavu yenye ukali wa ndimu. Nikayachemsha pamoja na tangawizi iliyopondwa na kijiti cha mdalasini, nikayaacha yapoe yakiwa yamefunikwa, kwa sababu Wani alisema ukiyafunua mapema harufu inahama. Nikachuja kwa kitambaa, nikatia sukari na maji ya machungwa. Barafu nilipata kwa yule Msomali wa duka la kona, ambaye alinipa bila kuniuliza ni ya nini, maana anajua. Mwisho nikatia siko, pombe yao kali inayofanana na chang'aa yetu. Usinikasirikie. Ilikuwa kifuniko kimoja cha chupa kwa kila bilauri, na bilauri ya Mama Wani haikutiwa.

Opio, jirani yangu wa kutoka Uganda anayetengeneza simu, alinicheka nikipima.

"Karani! Hiyo ni pombe ama dawa ya minyoo?"

"Kaa chini usubiri," nikamwambia.

"Wani alikuwa anamimina kwa macho, bwana. Wewe unamimina kama mwenye duka anayeogopa hasara."

Mama Wani akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mwaka jana. Nikagawa bilauri, nikashika yangu. Hapo mkono wangu ukafanya jambo ambalo sikuutuma. Unakumbuka Baba hakuwahi kunywa chochote kabla ya kudondosha kidogo chini. Nami nimekua nikimwona. Nikadondosha.

Opio akaweka bilauri yake chini.

"Wewe namwagia nani?" Mama Wani akauliza.

Ningesema ni mkono umeteleza. Badala yake nikajibu kama mtoto mwenye adabu, "Ni desturi yetu tu, Mama. Tunawakumbuka waliotangulia."

"Nani imetangulia hapa?"

Mama Wani aliinama, akachota kwa kiganja udongo ule uliolowa wekundu, akautia ndani ya bilauri yangu, akaichukua, akaingia nayo ndani. Opio ndiye aliyenieleza baadaye kwamba katika ukoo wao tone la kwanza humwagwa siku ya kukunja mikeka ya matanga, na likishamwagwa, anayetajwa hasubiriwi tena.

Laiti lingeishia hapo. Habari ilimfikia baba mdogo wa Wani, na Jumatatu alikuja na wazee wawili wakiwa na mikeka kwapani.

"Khalas, basi," akasema. "Imemwagwa. Tukae sasa, tulie, yaishe."

Mama Wani alisimama mlangoni, hakuwapa hata chai.

"Iliyomwaga ni mgeni. Mgeni haizikii mtu mtoto yake."

Waliondoka, lakini mikeka waliiacha pale barazani, nasi tunaipita kila siku. Mimi Mama Wani ananiitikia salamu, basi. Opio alinishauri nihamie mtaa wa Nyakuron, ambako vyumba vinapatikana. Nilikuwa nimeanza kufunga vitu vyangu Alhamisi jioni, mvua ikinyesha, Mama Wani alipokuja akasimama kwenye kizingiti.

"Mama yako iko hai?"

"Yuko hai, Mama."

"Baba ilimwaga, na mama iliona?"

"Siku zote."

"Basi usihame. Andikia yeye. Uliza kama tone inaweza kurudi. Kama inarudi, njoo uniambie hata kama nimelala." Akaitazama mikeka. "Kama hairudi, usiniambie upesi. Acha harif iishe. Mimi itakuwa nasubiri barua."

Ndiyo sababu ya kuandika, Mama. Waulize wazee waliokuwa wakinywa na Baba: tone likimwagwa na mtu asiye wa ukoo, tena bila kutaja jina, linahesabika? Na kama linahesabika, hurudishwa kwa njia gani? Chochote mtakachosema nitafanya. Dereva wa lori atakayekupa barua hii hurudi huku kila baada ya wiki mbili. Kama jibu ni zuri, mpe safari hiyo hiyo. Kama ni baya, Mama, mpe chai, mwambie bado unaulizia.

Nisalimie dada yangu mkubwa na wanawe, mjomba wa mashine ya kusaga, na shangazi anayelala nawe tangu tulipomzika Baba. Mwambie mke wangu barua yake naiandika kesho, aondoe wasiwasi, mimi sijambo.

Ni mimi mwanao, ninayekusikiliza nikiwa mbali,

Barasa